Anza na Propela, Cc Itafuata

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa ufundi, walimu wao na wazazi, Chake Chake, Pemba

Assalaamu alaykum.

Mwalimu mkuu, walimu, wazee mliokuja kuona watoto wenu wanajenga nini, na nyinyi vijana wenyewe mlioniita: nashukuru. Nimeambiwa niseme kwa muda wa nusu saa, na niseme kifundi, nisisome kitabu. Hilo la pili ndilo rahisi kwangu.

Swali lenu ninalo hapa kwenye karatasi. Mnajenga ndege kubwa ya mfano ya Caravan, ile inayotupeleka Unguja na kuturudisha, kwa kipimo cha moja ya sita, na mnataka kujua mnunue injini ya petroli ya cc ngapi. Chini yake mtu ameongeza kwa kalamu nyengine: "Hamsini na tano inatosha?" Hakuandika jina, lakini naona mwenziwe mmoja kule nyuma anamsukuma kwa kiwiko.

Mimi cc nataka iwe ya mwisho kuulizwa. Nataka kwanza nijue ndege ikishakamilika itakuwa na kilo ngapi. Nataka nijue itaruka kwenye kiwanja gani. Na nataka mtu alale chini na rula anipimie, kutoka katikati ya pua mpaka ardhini, pana nafasi ya propela ya inchi ngapi. Nikipata hayo, cc inajitokeza. Nisipoyapata, nitakutajieni namba tu, kama atakavyokutajieni muuzaji, na yeye atataja ile anayotaka iondoke dukani kwake.

Kwa nini petroli, hilo sina haja ya kulirefusha. Injini nyingi ndogo za ndege za mfano zinatumia methanoli iliyochanganywa na oili na nitromethani. Mafuta hayo huku kwetu hayauzwi, kuyasafirisha ni taabu, na methanoli inavuta unyevu kutoka hewani. Kwa hewa yetu ya pwani, galoni iliyoachwa wazi haichelewi kuharibika. Petroli ipo kila kituo, kutoka Mkoani mpaka Konde. Na visiwa vyetu vimejaa watu waliokua na Vespa na mashine za boti. Kumfundisha mtoto wa hapa namna ya kuchanganya oili na petroli ni kumfundisha samaki kuogelea.

Ndege za umeme nazo zipo, na sizidharau. Ramani ya visiwa hivi ilipopigwa upya kuanzia 2016, zilizotumika zilikuwa droni ndogo za senseFly eBee, za povu, zinazorushwa kwa mkono, na vijana wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walikuwa miongoni mwa waliofundishwa kuzirusha. Kitu chepesi kama kile hakihitaji mazungumzo haya. Lakini chenu kina mabawa ya mita 2.65 ncha kwa ncha, na betri za kukirusha kwa muda wa kutosha ni ghali kuliko injini yenyewe. Tubaki na petroli.

Sasa hiyo cc. Cc ni ujazo wa silinda tu. Inakwambia injini inameza hewa kiasi gani kwa kila mzunguko, basi. Haikwambii inaimeza vizuri au vibaya. Chukueni mashine ya kukatia majani, hizi za bega zinazofyeka kando ya barabara na kwenye bustani za mahoteli. Nyingi zimeandikwa cc 43. Ukisoma kibandiko chake utaona kilowati 1.25, kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika. Hiyo ni HP, yaani nguvu ya farasi, 1.7 hivi. Halafu chukueni injini iliyoundwa kwa ajili ya ndege, tuseme DLE-30, yenye cc 30. Mtengenezaji anaitangaza kwa HP 3.7. Ile kubwa ina nusu ya nguvu ya ile ndogo!

Hakuna uchawi hapo. Ya majani imebanwa ekzosi, kabureta yake ina koo jembamba, matundu ya silinda yamekatwa kwa ajili ya kazi ya polepole ya kutwa nzima, na imebeba gurudumu zito la sumaku lenye feni ya kujipoza. Ya ndege imevuliwa vyote hivyo. Inapozwa na upepo wa propela, na cheche inatoka kwenye kisanduku cha umeme chenye betri yake. Najua wapo watakaosema tuna mashine ya majani iliyokufa klachi, tuigeuze. Inawezekana, na duniani watu wengi wameanza hivyo. Hata injini za Zenoah zinazosifiwa kwa kudumu zina nasaba na mashine za bustani. Ila mjue kuwa mnaingia kwenye kazi ya mashine ya kukereza, kutengeneza kitako cha propela kilichonyooka sawasawa, na mwishowe mtapata injini nzito yenye nguvu kidogo. Kwa kujifunza, ruhusa. Kwa Caravan hii, hapana.

Na hata hiyo HP 3.7 isikulevyeni. Imepimwa kwenye mizunguko 8,500. Ukiifunga propela ya inchi 19 kwa 8, ambayo ni saizi yake halali, ikiwa ardhini haitafika huko. Itazunguka elfu saba na kidogo. Kwa hiyo nguvu utakayoipata ni ndogo kuliko ya kwenye boksi. Anayeruka ni propela. Injini ni ya kuizungusha tu.

Ndiyo maana nasema anzeni na propela. Namba zake ni mbili. Ya kwanza ni kipenyo, ncha mpaka ncha. Ya pili ni pichi, yaani kwa mzunguko mmoja ingesonga mbele inchi ngapi kama hewa ingekuwa ngumu kama ubao. Propela ya 19 kwa 8 ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, pichi yake inakupa mwendo wa kilomita 85 kwa saa, na huo ndio ukomo wa karibu wa ndege yako, hata ukitia injini gani nyuma yake. Kipenyo ndicho kinachotoa msukumo, na kinautoa kwa ukarimu: kwa mizunguko ileile, ukiongeza kipenyo kwa sehemu moja katika kumi, msukumo unapanda karibu mara moja na nusu. Lakini na nguvu inayotakiwa kuizungusha inapanda zaidi ya hapo, ndipo injini ndogo inaposhindwa na kuanza kuchemka.

Hapa duniani watu wameshajaribu, na saizi zinajulikana. Injini ya cc 20 inafurahia inchi 16 au 17. Ya cc 30 na 35, inchi 18 mpaka 20. Ya cc 50 na 55, inchi 22 au 23. Ukifika cc 100, yenye silinda mbili, uko kwenye 26 mpaka 28. Msukumo ndege ikiwa imesimama, kwa hesabu ya mkono, ni kilo 6 na nusu hivi kwa cc 20, kilo 8 na nusu au 9 kwa cc 30, na kilo 14 hivi kwa cc 55. Nasema "hivi" kwa makusudi. Plagi, ekzosi, joto la siku na mkono wa aliyerekebisha kabureta, vyote vinacheza na namba hizo.

Sasa tuirudie Caravan yenyewe. Ile ya kweli, Cessna 208B, ina mabawa ya mita 15.88, uzito wa kupaa wa karibu tani 4, na injini ya tabini ya HP 675. Propela yake ya McCauley ina kipenyo cha inchi 106. Gaweni kwa 6. Mtapata inchi 17 na robo tatu hivi. Hiyo ndiyo propela ambayo miguu ya ndege yenu imechorwa kuibeba. Sasa wewe ndugu yangu wa cc 55 unataka kufunga inchi 22 au 23. Nusu ya tofauti hiyo inashuka chini: zaidi ya inchi mbili. Nimeutazama mguu wa mbele mlioutengeneza. Kwa inchi 23, propela itakuwa inachimba muhogo kabla ndege haijasogea.

Mtasema tuurefushe mguu. Mnaweza, kidogo. Tairi kubwa zaidi pia zinasaidia, na kwa majani yetu zinafaa kwa kila hali. Sentimita tatu hazitamuudhi mtu. Sita zitaifanya Caravan isimame kama korongo, na ndege ya miguu mirefu inapinduka ikipigwa na upepo wa ubavuni. Kuna njia ya propela ya mapanga matatu, ambayo pia inapendeza kwa sababu ya kweli ina matatu; unapunguza kipenyo kwa inchi moja hivi na kupata mzigo uleule. Basi 19 ya mapanga mawili inakuwa 18 ya matatu. Hiyo inaingia kwenye mguu wenu bila ya kugusa chochote. Na propela ya 18 ya mapanga matatu ni kazi ya cc 30 au 35. Mnaona? Bado sijauliza bei ya injini, wala nguvu yake, na rula tayari imeshawafuta wale wote wa cc 50.

Tuone kama nguvu hiyo inatosha, maana msiniamini kwa rula peke yake. Ukiipunguza ndege mara sita kila upande, uzito wake unapungua mara 6 kwa 6 kwa 6, ambayo ni 216. Mwendo wake nao unapungua, lakini kwa kipeuo cha pili cha 6, yaani mara mbili na nusu kasoro. Nguvu ni uzito kwa mwendo, kwa hiyo inapungua mara 529. HP 675 gawa kwa 529: HP 1.3. Walimu wa hesabu wananitazama kwa jicho, lakini ifanyeni wenyewe. Na hiyo ni kwa mfano wenye kilo 18 na nusu, uzito halisi uliopunguzwa. Wenu mmeniambia hautazidi kilo 10. Kweli, propela ndogo inapoteza zaidi kuliko kubwa, na rubani aliye ardhini anahitaji akiba ya nguvu kuliko aliye ndani. Zidisheni mara mbili basi. Bado cc 30 inawasubiri.

Na kiwanja? Hapa ndipo ninapowapinga wale wanaosoma ushauri wa watu wa nchi za viwanja vya nyasi visivyo na mwisho. Sisi tunaruka kwenye kiwanja cha mpira. Mita mia, ukibahatika, halafu minazi. Mnazi mzima unafika mita 20, na wa zamani unapita. Ndege yenu ikikimbia mita 30 ndipo iinuke, zimebaki 70 za kupanda urefu wa mnazi, tena juu ya makuti na siyo katikati yake. Kwa mwinuko huo unahitaji msukumo wa ziada wa karibu asilimia 30 ya uzito, na juu yake ule wa kushinda ukinzani wa hewa, asilimia 10 au 12 nyengine. Jumla kilo 4 na zaidi kidogo kwa ndege ya kilo 10.

"Lakini Fundi, umesema cc 30 inatoa kilo 8 na nusu." Nimesema ikiwa imesimama. Ndege ikishika kilomita 60 kwa saa na propela ya pichi ya inchi 8, msukumo umeshashuka karibu na nusu. Umebaki na kilo 4 na kidogo. Yaani inatosha, kwa kubana, siku isiyokuwa na shari.

Na siku zetu zina shari za aina yake. Kiwango cha hewa kinachotumiwa vitabuni ni cha nyuzi 15 kwenye usawa wa bahari. Usawa wa bahari tunao, na tushukuru. Wenzetu wa Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, wanapoteza asilimia 15 na zaidi ya hewa kabla hawajawasha injini. Nyuzi 15 hatunazo. Mchana wa kaskazi, nyuzi 32 na unyevu wa bahari, hewa imekuwa nyepesi kwa asilimia 6 au 7. Injini inavuta hewa hafifu, propela inasukuma hewa hafifu, na mabawa yanaelea juu ya hewa hiyohiyo hafifu. Hasara inagusa mara tatu. Ukitaka kuruka kwa raha, ruka asubuhi mapema au alasiri jua likishapoa, na kusi ukivuma moja kwa moja kwenye pua, huo ni msaada wa bure.

Kwa hiyo kwa kiwanja chenye minazi, napanda kutoka cc 30 kwenda 35, na hapo nasimama. DLE wanazo zote mbili, na uzito wake haupishani hata gramu mia. Propela ni ya ukoo uleule: 19 kwa 8, 20 kwa 8 kama mguu unaruhusu. Nguvu ya ziada mnaipata karibu bure. Hiyo ndiyo aina ya ukubwa ninayoikubali.

Ninayoikataa ni hii: "Chukua kubwa, si utapunguza mafuta tu?" Mmeshaisikia, na mtaisikia tena. Ina ukweli nusu. Kweli rimoti ina kijiti cha kupunguzia moto. Lakini uzito hauna kijiti. Mvuvi aliyefunga HP 40 kwenye ngalawa anaweza kwenda taratibu, lakini mashine bado imekalia shetri na maji yanaingia. Injini ya cc 55 ni nzito kuliko ya 35 kwa karibu nusu kilo, ikiwa tupu. Ongeza ekzosi yake. Ongeza tangi kubwa, kwa sababu inakunywa zaidi. Ongeza ubao mnene wa kuifungia na gundi ya kuushika huo ubao. Halafu Caravan ina pua ndefu, mnajua wenyewe. Kila gramu ya pua inadai mwenzake mkiani, ili kitovu cha uzito kibaki kwenye robo au theluthi ya kwanza ya bawa. Utatia madini ya risasi nyuma ili kubeba chuma cha mbele. Mpaka umemaliza, umeongeza kilo moja na nusu.

Kilo moja na nusu juu ya kumi ni asilimia 15. Ndege ya kilo 10, kwa eneo la mabawa mliyonayo, inaishiwa na uwezo wa kuelea kwenye kilomita 47 hivi kwa saa. Ya kilo 11 na nusu, kwenye 50. Kilomita tatu, utasema si kitu. Lakini kishindo cha kugusa ardhi kinakwenda kwa uzito mara mwendo kipeo cha pili, na mwendo wenyewe umepandishwa na uzito. Fanyeni hesabu: nguvu ya kishindo inaongezeka asilimia 32. Theluthi nzima, kwa miguu ileile, kwa plaiwudi ileile, kwenye kiwanja kilekile kilichojaa mashimo ya kaa na alama za ng'ombe. Injini kubwa inasifiwa wakati wa kupaa, na hesabu yake inalipwa wakati wa kutua.

Isije mtu akatoka hapa akasema Fundi anapenda vidogo. Zipo ndege ambazo ningewaambia ongezeni. Piper Cub ya kipimo cha robo, mabawa mita 2.7, inaruka vizuri mno kwa cc 20. Ile ya kweli ilikuwa na HP 65 tu. Lakini Cub ina pua fupi, na wajenzi wengi hujikuta wanatia risasi puani ili isawazike. Kama unatia nusu kilo ya risasi, kwa nini usitie nusu kilo ya injini? Hapo cc 30 ni akili, au injini ya magneto, inayojitolea cheche kwa sumaku yake, ambayo uzito wake wa sumaku kwengine ni lawama na hapo ni faida, tena huna betri ya cheche ya kuikumbuka. Na ndege za michezo, zinazosimama hewani zikining'inia kwa propela, hizo zinataka msukumo wa uzito wake mara moja na nusu au zaidi, na watu wake hawatanii: cc 55 kwa kilo 8. Caravan haining'inii. Caravan inabeba abiria na mabegi ya karafuu, taratibu.

Yaliyobaki nayapitia mbio, maana mwalimu ananionesha saa. Injini ya silinda moja inatikisa. Kila skrubu iwekwe gundi ya kuizuia isilegee, na zikazwe tena baada ya kila siku ya kuruka. Kisanduku cha cheche na waya wa plagi vikae mbali na risiva, kile kinachopokea amri za rimoti, sentimita 30 ndiyo desturi. Boneti ya Caravan imefungwa kote, kwa hiyo hewa ikishaingia lazima ipate mlango wa kutokea, na mlango huo uwe mkubwa mara mbili au tatu kuliko wa kuingilia. Watu hutoboa mbele wakasahau nyuma, injini ikazimika kwa joto juu ya minazi. Ubao wa injini uwe wa plaiwudi ya mti wa bechi (birch), siyo ile ya dari. Chumvi: futeni kila kitu kwa kitambaa cha oili, na msirukie mchanga wa pwani maji yakitoka, hata ukiwavutia namna gani. Mchanga ukiingia kwenye kabureta umeua injini.

Ruhusa. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, na anayetoa kibali cha vyombo visivyo na rubani ndani yake ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Muombeni mwalimu awaandikie barua kabla ndege haijakamilika. Na karibu na uwanja wa ndege wasikuoneni kabisa. Caravan ya kweli haina muda wa kukwepa ya mfano.

Na propela inakata. Ya inchi 19 kwenye mizunguko 7,000 ncha yake inakwenda mita 177 kwa sekunde, na ikizunguka hivyo huioni. Ndege ifungwe kamba, mtu mmoja ashike mkia, swichi ya cheche iwe na mtu aliyepewa kazi hiyo tu, na watoto wote wakae nyuma ya bawa. Kiwanja chetu hakikosi watoto. Mkiona hamuwezi kuwaweka nyuma, siku hiyo msiwashe.

Maswali.

Aliuliza kwanza binti mmoja kutoka Wete.

"Shikamoo, Fundi. Kwetu kuna injini ya Vespa 150 imekaa tu. Ina nguvu kuliko hizo zote. Haiwezi kutumika?"

Marahaba, mwanangu. Swali zuri, na nguvu inayo: HP 8 hivi. Lakini ndani ya gamba lile kuna na gia, na klachi, na feni, na ekseli ya gurudumu, na yote yametupwa chuma kimoja. Ni zaidi ya kilo 20. Injini ya ndege ya Desert Aircraft, DA-100, inatoa HP 9.8 na ina kilo 2.6. Tofauti ya kazi ya fundi wa ndege na fundi wa pikipiki ni hiyo kilo 20 nzima. Hiyo Vespa iwekeeni baba, apate ya kuendea sokoni.

Akafuata mzee mmoja, mvuvi, aliyekuja na mwanawe.

"Fundi, oili ninayo nyumbani, ya mashine ya boti. Ni ya tu-stroki vilevile. Wachukue?"

Mzee wangu, ahsante kwa ukarimu, na nimefurahi umeuliza kabla. Ile ya boti ina alama ya TC-W3 kwenye chupa. Imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji ya bahari, ambayo silinda yake haipati joto kubwa. Hii ya ndege inapozwa na upepo tu, inapata joto kali hasa, na oili ile haiwezi kuilinda. Pete za pistoni zitanata. Wanunue ya pikipiki za tu-stroki au misumeno ya minyororo, na watafute kwenye chupa maandishi ya JASO, kisha herufi FC au, bora zaidi, FD. DLE wanataka sehemu moja ya oili kwa thelathini za petroli. Lita moja, mililita 33. Galoni ya lita 5, mililita 167. Pimeni kwa sirinji ya duka la dawa, msikadirie kwa kifuniko, na muandike juu ya galoni kwa rangi kuwa ina oili ndani yake, asije mtu akaitia kwenye jenereta ya skuli.